Vidonge Vinane Chini ya Ngozi

Machi 4

Profesa, dada yangu mdogo,

Wamenishona. Vidonge vinane, vidogo kama vifungo vya shati, vimelala chini ya ngozi ya tumbo langu upande wa kushoto, pale ambapo nikifunga mkanda nausikia uzi. Nilikuwa macho muda wote. Daktari alikata nafasi ya upana wa ukucha, akavisukuma kimoja kimoja huku akiniuliza habari za kazi kama kinyozi. Nikamwambia mimi ni seremala. Akasema hata yeye ana mlango unaolia, tukacheka, na kumbe alikuwa ameshamaliza.

Dawa itatoka humo kidogo kidogo kwa miezi. Haiondoi kiu ya pombe. Inakaa mlangoni na rungu. Nikinywa hata funda moja, uso utawaka, moyo utakimbia, nitatapika, na nikizidisha naweza kufa. Nimekubali kwa akili zangu timamu. Tangu nilipolewa nikamsahau mwanangu Chiriku shuleni mwezi wa kwanza, mtoto wa miaka saba, akakaa kwenye kiti cha mlinzi mpaka lango likafungwa, sina tena haki ya kuchagua.

Sasa lako. Usinipigie simu. Kwenye simu nina sauti tamu, wewe mwenyewe uliwahi kunitumia nauli ya kwenda kumzika mtu ambaye hadi leo anauza viatu. Tuandikiane. Kwenye karatasi uongo wangu hukauka ukaonekana. Na nakupa madaraka haya kwa maandishi: siku Shangazi, anayeishi nasi hapa, akikuambia nimekunywa, usiniulize mimi. Nitaapa, nitalia, utaniamini. Njoo umchukue mtoto. Mama yake aliponiachia mtoto huyu alinikuta sijalewa siku ile, ndiyo maana aliniachia. Hakuna mwingine ninayemwogopa ila wewe.

Karatasi ya maelezo ya dawa nimeitia humu. Herufi zake ni kama sisimizi. Nisomee unifupishie, kama zamani.

Kaka yako,
Fundi


Machi 11

Kaka,

Barua yako nimeisoma kazini, kati ya rundo la mitihani ya hesabu na rundo la jiografia. Unajua kazi yangu: nakaa na karatasi mbili za watahiniwa wawili nitafute mahali walipokosea kosa lile lile. Nimezoea kutomwamini mtu. Lakini hakuna aliyewahi kuniomba nisimwamini yeye, tena kwa mwandiko mzuri namna ile.

Nimekubali. Nilikaa siku tatu kabla ya kukubali, kwa sababu najijua. Sijui kupenda nusu, na sijui kuhukumu nusu. Ukinipa rungu nitalishika kwa mikono miwili.

Karatasi ina mambo tisa, nimekufupishia. Usinywe kileo cha aina yoyote, hata kile mnachokiita cha kusukumia chakula. Dawa ya kikohozi usinywe bila kumwuliza daktari. Dawa ya kusukutua mdomo usitumie. Chakula kilichopikwa kwa mvinyo usile. Kidonda kisilowe wiki nzima, usinyanyue mizigo, usikikune, na kikitoa usaha rudi hospitali mara moja. Lililobaki ni la vipodozi na manukato, halikuhusu, labda uanze kujiremba.

Mbusu Chiriku. Mwambie namdai barua yenye sentensi zaidi ya moja.

Mdogo wako


Aprili 2

Profesa,

Mwezi mzima. Wewe unajua mara ya mwisho nilimaliza mwezi lini? Mimi sijui, nimejaribu kukumbuka nikaishia kukumbuka nyimbo.

Kidonda kimepona. Wiki zote hizi nilikuwa nimewekwa upande wa kuunga miguu ya viti, maana msimamizi wetu alisema mtu aliyeshonwa tumbo asiiname sana. Sasa tumepata kazi kubwa, meza ya ukumbi wa mikutano ya watu ishirini na nne pamoja na viti vyake, na anayejua kupiga vanishi ya zamani, ile ya kuyeyusha kwa spiriti na kusugua kwa donge la kitambaa mpaka ubao ung'ae kama kioo, ni mimi peke yangu. Nimerudi kwenye chumba changu cha vanishi. Madirisha yanafungwa vumbi lisiingie, mlango unafungwa, nabaki mimi na ubao. Miaka kumi na tisa ya kazi ile, mkono unakwenda wenyewe.

Chiriku ananisubiri kwenye ngazi kila jioni. Anaongea kuanzia ngazi ya kwanza hadi maji ya kuoga. Nilikuwa sijui kwamba mwanangu ana adui darasani, ana mipango ya kuwa rubani, na hapendi kitunguu. Nilikuwa wapi?

Jana nilipata joto usoni na kichwa kikagonga kidogo. Nadhani dawa inashangilia.

Fundi


Aprili 20

Mwanangu,

Mimi Shangazi yako nakuandikia bila miwani, niliikalia juzi, kwa hiyo vumilia mistari inayopanda mlima.

Sikutaka kuandika. Mara ya kwanza nilijiambia ni homa. Mara ya pili nilijiambia ni chakula. Jana ilikuwa mara ya tatu. Alirudi saa kumi na moja amejishikilia ukutani, uso mwekundu na shingo nyekundu kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, macho yamemtoka, moyo unapiga hadi shati linaruka. Akatapika palepale mlangoni, juu ya viatu vya mtoto. Na harufu, mwanangu. Spiriti tupu. Nguo, nywele, mikono. Unakumbuka mwaka ule alipokunywa ya chupa ya kazini? Harufu ile ile.

Chiriku alikuwa kwenye ngazi. Hakulia. Aliingia ndani akafunga mlango wa chumba, akaanza kuhesabu kwa sauti, mpaka mia tatu na kitu. Sikujua kama anajua kuhesabu hadi huko.

Nilimwuliza kaka yako. Ameapa kwa kaburi la mama yenu. Nikamwambia asimsumbue marehemu.

Alinihusia nikuambie, nami nimekuambia. Moyo wangu umekatika.

Shangazi


Aprili 26

Kaka,

Chiriku yuko kwangu. Utakuwa umekuta kitanda chake kitupu na Shangazi amekaa jikoni. Nilikuja mchana makusudi, ukiwa kazini. Nilikaa nyumbani kwako dakika arobaini na sikukaa kwenye kiti chako.

Nimefanya ulivyoandika. Sikukuuliza. Njiani mtoto aliniuliza kama umekufa. Nilisema hapana. Akasema basi kwa nini tunakimbia.

Kinachonishtua si kwamba umekunywa. Kinachonishtua ni kwamba umekunywa ukiwa na kile kitu tumboni, ukijua kitakufanya nini, mara tatu. Mtu wa namna hiyo hatafuti tena ulevi, anatafuta kitu kingine, na sitaki mtoto awepo atakapokipata.

Mdogo wako


Aprili 29

Mdogo wangu,

Sijanywa.

Nimeliangalia neno hilo hapo juu kwa muda mrefu. Limefanana kabisa na yale niliyowahi kukuandikia nikiwa nimekunywa. Umefanya nilichokuagiza, na hilo ndilo linaloniua, sina wa kumlaumu.

Sikiliza, halafu nihukumu. Nimewaambia wenzangu kazini wanipekue. Wamenipekua asubuhi na jioni, mpaka soksi. Ufunguo wa kabati la jikoni nimempa Shangazi. Nimeanza kunusa kikombe changu cha chai kabla ya kunywa. Juzi nilimwomba Shangazi anifungie chumbani nisije nikawa naamka na kunywa usingizini, yaani mimi mwenyewe nimeanza kujishuku. Mwili unafanya yote aliyosema daktari kuhusu mtu aliyekunywa. Basi labda nimekunywa. Labda kuna mtu ndani yangu anayekunywa bila kuniambia.

Kitu kimoja tu kinanitatiza. Jumapili sipatwi. Siku za kukata mbao na kuunga sipatwi. Hupatwa zile siku za chumba cha vanishi. Labda kwa kuwa ndizo siku ninazochoka zaidi. Wewe ni mtu wa kufikiri, fikiri kwa niaba yangu.

Mwambie Chiriku ngazi bado ipo.

Fundi


Mei 3

Kaka,

Nimefikiri, kama ulivyoomba. Hupatwi Jumapili kwa sababu Jumapili Shangazi yupo nyumbani. Unapatwa siku ambazo uko peke yako, mlango umefungwa, na chupa ya spiriti iko mezani. Hata mnywaji ana ratiba.

Kazini kwangu wanafunzi walionakiliana huwa na jibu moja: tulisoma pamoja. Wanalisema wakinitazama machoni. Wengine hulia. Nimejifunza kutotazama macho, natazama karatasi.

Usiniandikie hadi utakapokuwa na shahidi ambaye si wewe.

Mdogo wako


Mei 13

Kwa dada wa Fundi,

Hatujuani. Mimi ndiye msimamizi wa karakana anayofanyia kazi kaka yako. Watu huniita Msasa kwa sababu ya maneno yangu, na leo naomba unisamehe kama yatakukwaruza.

Wiki iliyopita kaka yako alinijia na barua mkononi. Akasema: “Dada yangu anataka shahidi. Nifungie kwenye chumba cha vanishi kutwa nzima, uwe na ufunguo wewe, maji uniletee wewe, halafu umwandikie ulichokiona.” Nilimwambia hiyo si kazi, hiyo ni jela. Akasema jela ameshakaa, sasa anatafuta hati ya kutoka.

Jana tulifanya. Nilimpekua mwenyewe. Chupa za spiriti nilizichukua zote, nikampimia ya kazi tu kwenye bakuli na nikaitia vanishi mbele yake, kitu ambacho hata mlevi wa kufa hawezi kukinywa. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Ufunguo mfukoni mwangu. Saa mbili asubuhi nilimfungia. Saa tatu nilimpelekea maji, uso ulikuwa mwekundu, akanifanyia mzaha kwamba sasa namwonea wivu kwa rangi yake mpya. Saa nne akasema kichwa. Nikamwambia atoke. Akakataa, akasema bado shahidi hajaona vya kutosha. Saa nne na nusu nikasikia kiti kinaanguka.

Nilimkuta chini, donge la vanishi bado mkononi, kifua kinaruka kama kuna kitu kinataka kutoka. Mapigo hayakuhesabika. Kisha yakaanza kupotea. Tulimbeba juu ya ubao wa meza aliyokuwa akiing'arisha, hatukuwa na kingine.

Hospitali daktari alisema kanywa. Nilimwambia hapana, nilimfungia mimi. Akasema wote husema hivyo. Ndipo nikaweka ufunguo mbele yake, nikamsimulia chumba, madirisha, bakuli, mikono mitupu. Alisimama. Akaniuliza, huyu si seremala? Nikasema seremala wa vanishi. Akaketi tena, akashika kichwa.

Amesema spiriti imeingia kwa pua na kwa ngozi. Kidogo kidogo kila siku ya vanishi, na jana kwa wingi. Kwa mtu mwingine si kitu, kwa mwenye dawa ile ni sumu. Akasema jambo hilo limeandikwa kwenye karatasi aliyopewa.

Yuko hai. Hajazungumza bado. Hakunywa, dada. Mimi ndiye shahidi wake. Ningependa ushahidi huu ungepatikana kwa njia nyingine.

Msimamizi wa karakana


Mei 15

Kaka yangu,

Karatasi iko mbele yangu. Leo ndiyo nimeisoma. Machi nilidhani nimeisoma.

Nitakunakilia mstari wa tisa kama ulivyo, neno kwa neno, kwa sababu sistahili tena kumfupishia mtu kitu: “Epuka vipodozi, manukato, na rangi au vanishi zenye spiriti, usizishike kwa mikono mitupu wala kuvuta mvuke wake katika chumba kilichofungwa.”

Macho yangu yalifika kwenye vipodozi. Nilitabasamu. Nilikuwa tayari natunga ule mzaha wa kujiremba, niliuona mzuri, na nikauruka mstari ili niuandike kabla sijausahau. Vanishi ni neno la saba. Kaka yangu ni mpiga vanishi tangu mimi niko shule ya msingi, ada yangu ililipwa na meza zilizong'arishwa, na mimi, ninayelipwa kusoma, sikufika neno la saba.

Nimekaa sakafuni tangu barua ya msimamizi ifike. Nasoma barua yako ya Aprili 29. Umeniandikia kila kitu. Siku, chumba, mlango. Umenipa jibu kamili, halafu ukaniomba tu nilitazame. Nami nikakujibu kwamba mnywaji ana ratiba. Mkono huu huu.

Halafu nakuona mchana unanusa kikombe, usiku umefungiwa chumbani, unaamini kuna mtu ndani yako. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa mimi. Ni mimi niliyekutia shaka mpaka ukajifungia ndani ya sumu ili nikuamini.

Siombi msamaha kwenye barua hii. Msamaha ni kitu cha kuomba, na sijui kama nina haki ya kuomba kitu. Ukishatoka hospitali, Shangazi atakuja Jumamosi kumchukua Chiriku akuletee. Sitakuja mimi. Ningekuja ungelazimika kuniambia si kitu.

Mdogo wako


Mei 31

Mdogo wangu,

Mwandiko huu mbaya ni wa kulala sana, usianze.

Daktari alitaka kunitoa vidonge. Nimekataa. Nimemwambia kilichokosewa ni chumba, si dawa. Alikubali baada ya Msasa kuapa mbele yake kwamba sitaingia tena kule. Nimehamishwa upande wa kukata na kuunga, nagundisha viti, na vijana wa huko wananicheka, maana nagundisha hadi vidole vyangu. Ile meza ya watu ishirini na nne imemalizwa na mtu mwingine kwa brashi. Nimepita nikaiona. Imekuwa kama mtu aliyenawa uso akasahau shingo.

Kuhusu wewe sijui niseme nini. Nina hasira nawe siku nyingine, na siku nyingine nakumbuka nani alikupa rungu. Zote mbili ni za kweli. Usinilazimishe kuchagua.

Lakini kuna jambo lazima nikuambie, kwa sababu silielewi na sina mwingine wa kumwambia.

Chiriku alirudi Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilikuwa kwenye ngazi, safari hii mimi ndiye niliyesubiri. Alipofika na Shangazi nikafungua mikono. Hakuja. Alisimama hatua mbili mbele yangu akasema, “Baba, inama.” Nikainama, nikajua nitapata busu. Akaninusa mdomo. Polepole, kwa makini, kama fundi anavyokagua. Kisha shati. Kisha mikono, mmoja baada ya mwingine, na kwenye mkono wa kulia akasita. Akauliza hii ni nini. Nikasema gundi. Akafikiri. Akasema, “Nitamwuliza Shangazi wa mjini kama gundi inaruhusiwa.”

Yaani wewe.

Kila jioni sasa nainama. Ananusa, anasema “haya,” ndipo ananiamkia. Nimemwambia sikuwa nimekunywa, ni chumba kilichoniumiza. Alinisikiliza vizuri sana. Akaniambia kwamba watu wanaokunywa ndivyo wanavyosema, na wengine hulia.

Shangazi aliposikia maneno hayo alitoka nje.

Mimi nikimwambia haniamini. Ameshaambiwa asiniamini, na aliyemwambia anamwamini kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Fundi


Juni 5

Chiriku wangu,

Barua hii ni yako peke yako. Ukikwama kwenye neno, mwombe Bibi, shangazi yetu mimi na Baba, akusomee, lakini asiruke hata moja. Mwambie nimesema hivyo.

Umeuliza kama gundi inaruhusiwa. Inaruhusiwa.

Ulipokuwa kwangu nilikufundisha kumnusa Baba kabla ya kumwamkia. Nilikufundisha kwamba akisema hajanywa usimwamini, na akilia usimtazame. Ulijifunza haraka, nami nilikusifu, nikakununulia daftari.

Nilikufundisha vibaya. Baba hakunywa. Aliniambia ukweli, mimi nikasema ni uongo. Sikuwa na uhakika, nilidhani tu nina uhakika, na mtu mkubwa anapodhani hivyo huweza kumuumiza mwenzake sana. Baba alilazwa hospitali kwa sababu yangu. Si kwa sababu yako, wala si kwa sababu yake.

Siku moja akinywa kweli, itakuwa kazi ya wakubwa kujua. Mimi, Bibi, na daktari. Wewe si kazi yako. Pua yako ni ya kunusia chakula.

Najua ukishafundishwa kitu hakitoki siku moja. Wiki hii utasahau, utamwambia ainame, naye atainama. Hatakukasirikia. Lakini jaribu mara moja tu. Kesho akirudi kutoka kazini, kabla ya kitu kingine chochote, mwamkie kwanza.

Shangazi yako